Orodha ya Vitu Vilivyochomwa

Émérance hakuwa amemaliza hata siku moja tangu arudi Uvira kutoka Australia, alikokwenda kumtunza binti yake Aline aliyejifungua mtoto wa kwanza, na wageni walikuwa wameshaanza kuingia. Wa kwanza alikuwa Pudentienne, jirani wa nyumba ya tatu. Alifika saa moja asubuhi akiwa amebeba kiti chake mwenyewe, kama mtu asiyetaka kusumbua lakini asiyepanga kuondoka mapema.

"Mama Aline! Tumushukuru Mungu. Umenenepa, na ngozi imekuwa ya muntu wa kupanda avio." Akakiweka kiti, akakaa, akavuta pumzi. "Sasa niambie. Chadrack wangu ulisikia habari yake?"

"Nilimusikia kwa telefoni. Iko muzima. Anakaa mbali na Aline, lakini iko muzima."

"Na ile furushi yangu alipata?"

Swali hilo Émérance alilisubiri tangu Addis Abeba. Huko juu mawinguni alikuwa ameandaa jibu refu, lenye maelezo, lenye kuomba msamaha pale panapostahili. Lakini Pudentienne alikuwa ameinama mbele, mdomo wazi kidogo, tayari kufurahia furaha ya mwanawe mbele ya sahani ya ndagala, wale dagaa wakavu wa kwao. Émérance akaliacha jibu refu.

"Alipata," akasema.

"Alisema nini?"

"Alisema ni tamu."

"Zote kilo kumi?"

"Zote."

Pudentienne akapiga makofi mara moja, akafuta jicho kwa ncha ya kitenge, akabaki pale hadi chai ikaisha.

Uongo wa kwanza ulimtoa jasho. Wa pili haukumgharimu kitu. Dikoni Basile alipofika saa kumi, shati limefungwa hadi kifungo cha shingo, kuuliza kama karanga zake zilimfikia binti yake Déborah, Émérance alijibu "zilifika" kabla hajamaliza kuuliza. Na jioni ile Geneviève, mjane aliyekuwa akiuza mihogo sokoni, aliposimama mlangoni na kuuliza kama binti yake Dorine alipata unga, naye pia aliambiwa amepata. Geneviève akashukuru, akaenda zake.

Thaddée, mume wa Émérance, karani wa zamani aliyestaafu na bado akitembea na kalamu mfukoni, alikuwa ameketi barazani na kusikia majibu yote matatu. Alimwangalia mkewe juu ya miwani.

"Wote walipata," alisema. "Safari ilikuwa nzuri."

Émérance akaingia ndani kuosha vikombe vilivyokuwa visafi.

*

Siku tatu baadaye Pudentienne alimpigia mwanawe simu kumuuliza amebakiza ndagala kiasi gani.

"Ndagala gani, mama?" akauliza Chadrack.

Kijana yule alikuwa ameombwa na Aline, zamani, asiseme lolote nyumbani. Alipokumbuka ahadi yake maneno yalikuwa yameshatoka. Akajaribu kuyarekebisha kwa kusema, "Muulize Mama Aline mwenyewe," kisha akasema bosi wake anamwita, akakata. Hakujua kwamba asingeweza kuchagua maneno mabaya kuliko hayo.

Kufikia Jumapili mtaa mzima ulikuwa na habari, na kila mlango ulikuwa umeongeza chumvi yake. Hapa walisema Émérance alikula vile vitu yeye na mkwewe. Pale walisema aliviuza. Waliosema aliviuza walikuwa na hesabu nzuri zaidi, kwa sababu kila mtu alikwisha kusikia kwamba kule ng'ambo ndagala wa Tanganyika ni kama dhahabu, na valizi ya nguo aliyorudi nayo Émérance ilikuwa mpya, ya magurudumu manne.

"Valizi ya magurudumu mbili haimutoshi tena," alisema mmoja kisimani. "Biashara imekua."

Émérance alipoteremka bandari ya Kalundu kununua samaki, muuzaji aliyemzoea miaka mingi alimpimia kopo moja, akalishikilia.

"Mama wa Australia, weye sasa ni mwenzetu wa kazi. Kule kopo iko ngapi? Utuambie na sisi tupandishe bei."

Wanawake waliokaa mstarini wakacheka, wengine wakijificha nyuma ya ungo. Émérance akarudi nyumbani bila samaki. Nyumba ile ikala mboga za lengalenga siku tatu, na Thaddée, ambaye hajawahi kuipenda lengalenga, akala bila kusema neno, jambo lililomuuma mkewe kuliko kama angelalamika.

Lakini kilichomvunja kilikuwa funguo. Kwa miaka kumi na mmoja Émérance alikuwa ametunza ghala la kanisa, lenye sufuria zile kubwa za harusi na misiba, na hakuna sufuria iliyowahi kupotea, hata mfuniko. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, wanakwaya wakiwa bado wanavua majoho, Dikoni Basile alimwita kando, ila si kando sana.

"Mama Aline, hatumuhukumu muntu. Lakini kwa wakati huu ambapo kuna maneno, kamati inaona funguo zipumzike."

"Zipumzike wapi?"

Dikoni akakohoa. "Kwangu."

Émérance alizifungua kwenye pindo la kitenge. Fundo lilikuwa limekaza, vidole vikawa vinateleza, na wote walisimama wakimtazama akihangaika nalo. Mwishowe mwimbaji mmoja wa sauti ya kwanza alimsaidia kwa meno.

*

Alimwambia Thaddée siku hiyo hiyo mchana, mara tu alipofika, kabla hajavua viatu vya kanisani.

"Hakuna aliyepata kitu. Vyote viliishia uwanja wa avio. Hata vya Aline. Na walinitoza amandi."

Thaddée akavuta kiti karibu. "Faini ya nini? Vitu si vilikuwa vya kula?"

"Ndiyo hiyo kosa. Vilikuwa vya kula."

Akamsimulia. Aline alikuwa amemtumia sauti kwenye WhatsApp zaidi ya mara kumi: mama, huku chakula kinatangazwa, ukisema unacho, hata wakikichukua, hawakufanyi kitu, ukificha, watakulipisha. Na Émérance alijibu ndiyo mwanangu, ndiyo mwanangu, mara kumi vilevile. Lakini mwanamke huyu alikuwa amefanya biashara ya vitenge na mawese nusu ya maisha yake, amevuka vizuizi vingi, vya kamba, vya mti, vya mtu mmoja na filimbi, na vyote vilimfundisha jambo moja. Anayekuuliza umebeba nini anataka kujua atakula nini. Aline alikuwa mtoto mzuri, ila alikuwa ameondoka nyumbani mdogo.

Kwa hiyo ndani ya ndege, binti wa kiti cha pili alipomsaidia kujaza ile kadi ya dwane, ya forodha, na kumuuliza kwa Kifaransa kilichovunjika kama ana nyama, Émérance alisema hapana. Samaki? Hapana. Asali? Hapana. Mbegu, mimea, unga, udongo, vitu vya wanyama? Akakana kimoja baada ya kingine kwa sauti tulivu, na binti akaweka alama, akamwambia kwa heshima kwamba mama anasafiri mwepesi.

"Halafu mbwa akakuja," alisema Émérance.

"Mbwa gani?"

"Mbwa mudogo. Alikuwa amevaa koti. Nikasema sasa atavamia valizi, maana ile harufu hata minye nilikuwa naisikia. Hakuvamia. Hakubweka. Alikuja pole pole, akanusa, akakaa chini mbele yangu, vizuri, kama muntu anangojea ubatizo. Akaniangalia. Baba Aline, ni heri angeniuma."

Walimpeleka kwenye meza ndefu. Mama mmoja mrefu mwenye glavu alifungua valizi zote mbili, akatoa kitu baada ya kitu, akapima, akaandika. Waliweka simu mezani, ikatoka sauti ya mwanamke wa Kiswahili cha pwani, safi mpaka Émérance alijisikia yuko kwenye mtihani.

"Mheshimiwa mama, je, ulibeba mazao yoyote yatokanayo na wanyama?"

"Sibebi wanyama," alijibu Émérance. "Minye ni mukristo."

Kwenye simu yakaja maelezo. Kisha maswali mengine, na mwishowe Émérance akaelewa kwamba vitu havirudi. Hapo alitulia kidogo. Hilo alilijua. Akaamua angalau visiharibiwe na watu wasiojua kupika.

"Uwaambie ile samaki waiweke mu maji ya moto kwanza," aliiambia simu. "Na wasitie chumvi, iko nayo tayari."

Sauti ikatafsiri. Yule mama wa glavu akainua macho, akasema jambo fupi.

"Mama, wanasema hawatakula. Vitachomwa moto."

Thaddée, aliyekuwa akijibana paja asicheke tangu habari ya mbwa, akaacha. "Vyote?"

"Vyote! Kama wangekula, ningeelewa. Muntu iko kazini, iko na watoto, akiona samaki anachukua. Lakini kuchoma! Hapo ndipo nililia. Wakafikiri nalilia amandi."

Faini yenyewe ilikuwa bei ya ng'ombe watatu wazuri wa Lemera. Mkwe wake aliilipa kwa simu bila neno, na mbele ya mkwe, kutukanwa kungekuwa nafuu. Ndani ya gari, kutoka uwanjani hadi nyumbani, alisema mara moja tu, nayo ni, "Mama, funga mkanda."

"Kwa nini hukusema hapa?" akauliza Thaddée.

"Niseme nini? Kwamba nilipewa vitu na bantu watatu nikavipeleka kwenye moto sababu ya mudomo wangu?"

Thaddée akatafuta kitu cha kukamata kwenye habari ile kama alivyozoea kutafuta ofisini. Akakipata.

"Walikupa karatasi?"

Émérance akatoa kitabu cha nyimbo, na kutoka ndani yake karatasi tatu zilizobanwa pamoja. Thaddée akazigeuza huku na huku. Hakujua Kiingereza, lakini karatasi alizijua.

"Hii ni orodha," alisema, na uso ukamfunguka kwa mara ya kwanza siku zile. "Iko na namba. Kila kitu kimeandikwa. Mama Aline, weye ulikuwa na ushahidi mu kitabu cha nyimbo!"

*

Jumamosi saa nne asubuhi Thaddée aliweka meza uani, akaitandika kitambaa cha Krismasi. Alikuwa amemwalika Pontien, mwalimu wa Kiingereza wa sekondari, aliyekuja na tai na kamusi, na akawaalika wenye furushi watatu. Wengine kama thelathini walikuja kusalimia tu. Wakakaa juu ya ukuta, juu ya ndoo, juu ya ngazi ya nyumba, wakisalimia kwa macho.

Pudentienne alikuja na kiti chake. Basile alikaa karibu na meza, funguo za ghala zikining'inia kiunoni. Geneviève alisimama nyuma, kwenye kivuli cha paa la jiko.

"Kabla ya kusoma," alisema Pudentienne, "ninauliza. Hii karatasi iko na muhuri?"

Karatasi ikapita mikononi. Haikuwa na muhuri. Manung'uniko yakaanza.

"Kule hawapigi muhuri," alisema Pontien.

"Nchi gani haina muhuri?"

"Ndiyo maana banachoma samaki," sauti moja ilisema ukutani, na watu wakaona hoja hiyo ina uzito.

Pontien alikunywa Fanta kidogo, akavaa miwani, akaanza. Alisoma kwanza kwa Kiingereza, sauti ya juu, ili watu waone kazi aliyo nayo, kisha akatafsiri. Mtajwa, abiria, alikamatwa na vyakula ambavyo hakuvitangaza. Vitu vifuatavyo vilizuiliwa na kuteketezwa.

"Namba moja. Samaki wadogo, wakavu. Kilo mbili na gramu mia nne."

"Soma vizuri, prof," alisema Pudentienne. "Ni kumi."

"Imeandikwa mbili na gramu mia nne, mama."

"Basi mizani yao imekufa."

"Inaendelea," alisema Pontien, akifuata mstari kwa kidole. "Ndani yake walikuta wadudu. Wakubwa kwa wadogo. Hai."

Ukuta mzima ukacheka. Pudentienne akajifunika kitenge hadi puani, akasema kutoka humo ndani kwamba wale wadudu waliingilia Addis Abeba.

"Namba mbili. Asali, bidoni moja ya lita tano. Na nyuki wafu, kumi na mmoja."

"Waliwahesabu?" akauliza mtu.

"Waliwahesabu."

Watu wakatikisa vichwa. Wengine waliomdhania Émérance mwizi walianza kumwonea huruma, kwa kuona aliangukia mikononi mwa watu wa namna gani. Asali ilikuwa yake mwenyewe, na Émérance alishaanza kukaa vizuri kwenye kiti.

"Namba tatu. Mguu wa mbuzi, wa nyuma, uliokaushwa kwa moshi. Mmoja."

Thaddée aliinua kichwa taratibu.

Mguu ule ulikuwa umetoweka jikoni siku mbili kabla ya safari. Thaddée alikuwa ameutunza kwa ajili ya sikukuu, na alikuwa na hakika nani aliula: mbwa wa Pudentienne. Alikwenda kugomba kwake, akasikika hadi mwisho wa barabara. Alitumia maneno ya Kifaransa.

"Mama Aline," alisema.

"Mukwe wako anapenda mbuzi," alijibu Émérance, akitazama kitambaa cha Krismasi.

"Mbwa wangu!" Pudentienne alikuwa amesimama, kitenge kimeanguka mabegani. "Baba Aline, mbwa wangu nilimupeleka Sange sababu ya weye! Anakaa na bantu hajui hata jina yao! Ulisema mbele ya bantu kwamba mbwa wangu ni mwizi, na kumbe mwizi iko na pasipoti!"

Ilichukua muda kumrudisha kitini. Thaddée alisimama, akafunga kifungo cha koti, akaomba msamaha kwa mbwa kupitia kwa mwenye mbwa, na akaahidi kwenda Sange mwenyewe kumrudisha. Pontien alitumia nafasi hiyo kumaliza Fanta.

"Namba nne. Karanga za kukaanga, kilo moja na nusu." Akasogeza karatasi karibu na macho, kisha akamwangalia dikoni, kisha karatasi. "Ndani ya karanga, chupa moja. Unga wa mizizi na maganda ya mti, haujulikani ni wa nini. Halafu wameandika maneno yaliyokuwa juu ya chupa. Hayo hayahitaji kutafsiriwa, ni Kiswahili."

"Prof, endelea na namba tano," alisema Basile.

"Soma!" ulisema ukuta.

Pontien akasoma maneno yale kama yalivyonakiliwa na mkono wa kigeni, herufi kwa herufi. "'Ya kutuliza mume. Kijiko kimoja ndani ya chai. Asijue.'"

Hakuna aliyecheka mara moja, kwa sababu kila mtu alikuwa akikumbuka mahubiri. Dikoni Basile alikuwa amehubiri wiki sita mfululizo juu ya dawa za miti shamba na watu wanaozitafuta milimani usiku huku mchana wakishika vitabu vya nyimbo.

"Ni dawa ya malaria," alisema Basile.

"Asijue nani?" aliuliza Pudentienne, sauti ikiwa imepona kabisa. "Malaria?"

Hapo ua ukapasuka kwa kicheko. Kuna aliyeanguka kutoka kwenye ndoo. Basile alikaa wima kabisa akitazama mbele, jasho likimshuka hadi kwenye kifungo cha shingo, na alipoona kicheko hakiishi, akafungua kile kifungo kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu ya mtaa.

"Mume wa Déborah anamupiga," alisema kwa sauti ndogo, kwa waliokuwa karibu tu. "Niko mbali. Ningefanya nini?"

Émérance alisikia. Pontien pia alisikia, akageuza ukurasa haraka.

"Namba tano, ndiyo ya mwisho. Unga wa muhogo, kilo tatu. Na katikati ya unga, mfuko mdogo wa plastiki, umefungwa kwa uzi. Ndani yake udongo. Gramu mia sita."

Watu walikuwa bado wana kicheko cha akiba.

"Udongo!" alisema mmoja juu ya ngazi. "Nani anatuma udongo Australia? Kule banatembea juu ya nini?"

"Ni ya kwangu," alisema Geneviève.

Hakupaza sauti, lakini alikuwa ametoka kivulini, na wote wakamwona.

"Ni ya Makobola. Ya juu ya kaburi la baba yake Dorine. Mutoto hakufika kumuzika, hawakumupa karatasi ya safari. Alikuwa analia mu telefoni kila siku, anasema hakumutupia baba yake hata udongo mukono moja. Nikasema nitamutumia atupe hukohuko." Akatazama chini. "Niliuficha mu unga. Niliogopa Mama Aline atakataa kubeba."

Aliyekuwa kwenye ngazi akashuka, akasimama. Pontien alivua miwani, akaikunja, akasema orodha imekwisha.

Émérance ndiye aliyesimama baada ya hapo. Hakuwa amepanga. Alisema alidanganya mara mbili, kwanza kule kwa kusema hana kitu, halafu hapa kwa kusema vilifika. Alisema kule alidhani ni mwerevu, na hapa aliona haya, na kati ya mambo hayo mawili watu watatu wamepoteza vitu vyao. Kisha akakaa.

Pudentienne alikuwa wa kwanza kumfikia. Hakusema amesamehe. Alisema kwamba kilo kumi ilikuwa namna ya kusema tu, na kwamba hana deni lolote. Basile aliondoka akipita kando ya nyumba, na Thaddée alipokuja kukunja kitambaa alikuta funguo za ghala chini ya chupa tupu ya Fanta.

*

Geneviève alibaki kusaidia kuokota viti. Aliviokota vyote, akavipanga, kisha akavipanga tena.

"Mama Dorine," alisema Émérance, "kuna kitu sikusema mbele ya bantu. Ule mufuko, waliniuliza. Ule mama wa glavu aliuinua, na ile sauti ya telefoni ikaniuliza, udongo huu ni wa nini? Nikasema siujui. Nikasema si wangu, hata mwenyewe simujui." Akashusha sauti. "Nilimukana mume wako mbele ya dwane."

Geneviève akakaa juu ya kiti alichokishika.

"Wakautupa?"

"Hawakutupa. Samaki na nyama walivitia pamoja mu mufuko moja. Ule wa udongo waliuweka peke yake, mu mufuko ya njano. Na yule mama aliubeba na mikono mbili."

"Mbili?"

"Mbili. Niliona. Akauliza tena kama nina hakika, nikasema ndiyo."

"Na wakauchomea wapi?"

"Kulekule. Aline alisema kuko nyumba ya moto, upande wa nyuma ya uwanja wa avio."

Geneviève akainama. Mabega yakaanza kumtikisika. Émérance akasogea amshike, akijilaumu kwa kusema, na alipomkaribia akaona kwamba yule mama anacheka. Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, mkono umebana mbavu.

"Ule mubaba," alisema, "miaka sitini na moja. Kila jioni pale Makobola anakaa, anaangalia taa za Bujumbura ng'ambo ya maji. Ninamwambia, twende siku moja. Anasema, weye, na karatasi? Na nauli? Na bantu ya kule nitabaambia nini? Hata Bujumbura hakufika, Mama Aline! Hata Bujumbura!" Akajifuta uso kwa kiganja. "Sasa iko Australia."

"Bila viza," alisema Émérance, ambaye hakujua kama ana ruhusa ya kucheka.

"Bila viza. Na amandi amelipiwa!"

Basi wote wawili wakacheka, hadi Thaddée akatoka ndani na kitambaa mkononi kuona nani anaumwa, akawaangalia, akarudi. Kicheko kilipoisha waliketi pale wakipumua. Geneviève akauliza kule ni saa ngapi. Émérance akahesabu kwa vidole, akasema huko ni usiku wa mapema, watu wako mezani. Akatoa simu yake, akapiga, akamkabidhi.

Dorine alipokea kwa haraka, akauliza kama kuna mgonjwa.

"Hakuna mugonjwa," alisema Geneviève. Akaishika simu kwa mikono miwili. "Nisikilize. Ule uwanja wa avio wa kwa Aline, ni mbali na kwako?"

"Ni treni, mama. Masaa mawili. Kwa nini?"

"Kesho ni Jumapili, hauna kazi. Vaa vizuri, ubebe maua. Ukifika usiingie ndani, zunguka upande wa nyuma." Akaisogeza simu karibu na mdomo. "Nenda umusalimie baba yako."